Ziwa Halina Mlango

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kabla ya kuikumbuka kwa macho. Nikifumba macho hata sasa hivi nasikia moteri, nasikia ngoma za kwaya, nasikia baba yangu akipiga kelele "Sijasikia!", na juu ya yote hayo nasikia sauti ya bibi yangu ikibisha hodi mahali pasipo na mlango. Sogea hapa. Niletee na kile kiti, maana habari hii siwezi kuisimulia bila kusimama mara kwa mara, na nikisimama nataka pa kurudi kukaa.

Nimesikia ya Jumapili iliyopita. Nimesikia ninyi vijana wa boti za matembezi mmetukanana na watu waliokuwa wakifua na kuoga pale chini, mmoja wao akarusha jiwe, na mmoja wenu akaongeza muziki makusudi. Sasa umekuja kwangu umenuna, unataka nikubaliane nawe kwamba ziwa ni la wote. Ndiyo, ni la wote. Hilo halina ubishi, wala si hilo lililofanya watu wawakasirikie.

Kwanza ujue kwamba mimi si adui wa starehe. Nazipenda boti zenu! Zinapopita na rangi zao, na zile bafle za muziki mnazozifunga mbele zikiunguruma, mguu wangu unacheza wenyewe chini ya meza, na huu ni mguu wa mwanamke mwenye wajukuu. Mtu asiyependa kupunga upepo juu ya Tanganyika siku ya Jumapili, huyo apelekwe kwa daktari akapimwe. Basi usinisikilize kama unayemsikiliza kikongwe anayeumwa kichwa. Nisikilize kama mtu ambaye boti ya matembezi ilikaribia kumnyang'anya mume.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa bado inaitwa Zaire, nami nilikuwa msichana wa Songo, hapahapa Uvira, mwenye shingo ndefu na maringo mengi. Wacha nijisifu, waliobaki wa kunibishia ni wachache. Nilikuwa nimechumbiwa na Byamungu, huyuhuyu mzee unayemsikia akikohoa uani. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Rurambo, akashuka mjini kujifunza useremala, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutengeneza milango. Mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Ila alikuwa na kasoro moja, tena kubwa kwa mtu anayetaka kuoa Uvira: aliliogopa ziwa. Kwao mlimani maji ni kijito ambacho ng'ombe anakivuka bila kulowa tumbo. Alipoiona Tanganyika mara ya kwanza aliniuliza, kwa moyo mmoja kabisa, ni nani anayelinda maji yote yale yasipande kuja mjini.

Sasa, baba yangu alikuwa shemasi. Kanisa letu lilikuwa la maji mengi, tulivyokuwa tukisema kwa utani, kwa kuwa tulibatizwa ziwani mpaka utosi uzame. Byamungu alikuwa amebatizwa utotoni kwa maji kidogo, ya kichwani tu. Baba alimwangalia kuanzia juu mpaka chini, akatamka hukumu yake mbele ya wote.

"Binti yangu hataolewa na mutu mwenye kichwa ililowana na miguu ingali mikavu!"

Nilicheka, kisha nikalia, kwa sababu baba akishasema hakuwa na gia ya kurudi nyuma. Mchungaji aliyebatiza alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia kule bondeni Ruzizi, na kwetu alifika kwa nadra. Alikuwa anakuja Jumapili, na harusi yetu ilipangwa Jumamosi iliyofuata. Wajomba wa Byamungu walikuwa wameshashuka na ng'ombe zao, wamelala kwa jirani, na wenyewe walikuwa watu wa heshima zao. Walisema wazi kwamba Jumamosi ikipita bila harusi, watapanda na ng'ombe na watapanda na kijana wao. Kwa hiyo elewa, mwanangu: maisha yangu yote yalikuwa yamening'inia kwenye mzamo mmoja, Jumapili moja, wa mtu anayeogopa maji.

Nilimfundisha kwenye beseni. Usicheke! Nyuma ya jiko, bibi yangu akiwa mlinzi wa njia, namwambia Byamungu afumbe macho, abane pumzi, ashushe uso. Anashusha, anatoka kama aliyeona mauti.

"Riziki, mutu anaweza kufa mu beseni?" aliniuliza siku ya kwanza.

Bibi akajibu kutoka kule alikokaa, "Weye bado haukufa. Rudisha kichwa."

Huyo bibi ndiye mama mzazi wa baba yangu, mtoto wa wavuvi wa Makobola, mwanamke mdogo wa umbo lakini sauti yake uliisikia ukiwa bado njiani. Ndani ya nyumba yetu hakukuwa na mwingine aliyethubutu kumwambia shemasi kwamba amekosea. Mshike huyo bibi kichwani, tutamhitaji.

Jumapili ikafika. Jua zuri, ziwa limetulia kama maji ya kunawa, upande wa pili milima ya Burundi imeonekana yote. Tulishuka na kwaya, ngoma mbele, wabatizwa wamevaa nyeupe. Mimi na mwenzangu mmoja tulipewa kazi ya kushika shuka, ile shuka kubwa ya maua ya mama yangu, ili wanawake wakitoka majini wabadilishe nguo nyuma yake. Wajomba wa Rurambo walisimama juu kabisa, mbali na maji, wameegemea fimbo zao, kofia zimekaa sawasawa. Walilitazama ziwa kama unavyomtazama mtu uliyesikia habari zake mbaya.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mchungaji anasimama maji yakimfika kifuani. Anamwuliza mbatizwa maswali matatu, na mbatizwa anajibu "Ndiyo" kwa sauti, ili wazee waliosimama ufukweni waisikie. Wakishasikia wanainua mkono. Hapo ndipo maneno ya ubatizo yanasemwa, na mtu anazamishwa. Ndiyo isiyosikika haikuhesabiwa. Na mzee wa kusikiliza siku hiyo alikuwa nani? Baba yangu!

Byamungu aliwekwa wa mwisho. Nilimwona akiingia majini hatua kwa hatua, mikono juu kana kwamba amebeba ubao, midomo inasali. Na hapo ndipo tuliposikia moteri.

Ilikuwa boti ya Fiston. Fiston alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, kijana wa rika letu, mzuri wa sura na mwenye kulijua hilo. Alikuwa na mtumbwi wa mbao alioufunga moteri, akaupaka njano na buluu, na mbele ameandika kwa herufi kubwa: KELELE ZA CHURA. Yaani semeni msemavyo, mimi napita. Ndani yake amepakia redio ya kaseti, betri ya gari, na bafle mbili kubwa kama makabati. Yeye na rafiki zake walitoka bandarini Kalundu kila Jumapili kuzunguka mbele ya mji, na mimi mwenyewe, sikufichi, siku nyingine nilikuwa nikiwapungia mkono.

Walipita mara ya kwanza. Kwaya ikaongeza sauti. Wakageuka, wakapita tena, karibu zaidi, maana waliona watu wengi, na vijana wakiona watu wengi wanadhani wamekuja kuwatazama wao. Kwaya ikaongeza tena, ngoma zikapigwa kama za kufukuza nyani shambani. Baba alipunga mkono kuwafukuza. Fiston akapunga pia, akidhani amesalimiwa, kisha alipoona uso wa baba akaelewa, akacheka na kupaza sauti kupitia muziki.

"Kelele ya chura haikatazake ng'ombe kunywa mayi!"

Mchungaji akaona asubiri nini. Akauliza swali la kwanza. Nikaona midomo ya Byamungu ikisema "Ndiyo." Niliiona tu. Sikuisikia.

"Sijasikia!" akapiga kelele baba, mkono nyuma ya sikio.

Byamungu akarudia. Boti ikageuka.

"Sijasikia!"

Akarudia mara nyingine, mishipa ya shingo imemtoka, maskini, na boti ikapita kwa kasi nyuma yao, karibu sana, bafle zinatetemesha kifua changu huku nchi kavu. Halafu yakaja mawimbi. Wewe unayajua mawimbi ya moteri, hayaji pamoja na boti, yanakuja nyuma yake ukishasahau. La kwanza lilimwinua mchungaji. La pili likamwangusha. Akamshika Byamungu, wakaenda chini wote wawili, na juu ya maji pakabaki kitambaa cha mchungaji peke yake kikizunguka.

Nilipiga yowe. Tuliachia shuka, mimi na mwenzangu, ikachukuliwa na maji, hatukuiangalia. Nilihesabu Byamungu amekufa. Kumbe! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: yule wa kuogopa beseni aliibuka wa kwanza, macho mekundu, na mkononi amemshika mchungaji kwa kola, anamvuta kuelekea nchi kavu kama wanavyovuta ndama aliyeteleza mtoni. Watu wakashangilia, na mzee mmoja akauliza kwa sauti nani hapa amembatiza mwenzake.

Lakini furaha haikudumu. Moteri ya Fiston ilikoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Ilikuwa imemeza shuka ya mama yangu! Ile shuka ya maua ilijizungusha kwenye pangaboi mpaka ikakaza, na boti ikaanza kusogea yenyewe kuja kwetu, bila injini, ikisukumwa na mawimbi yake mwenyewe. Muziki bado unalia. Vijana wa kanisa wakaingia majini, wakaikamata, mmoja akang'oa waya wa betri. Ukimya uliotokea pale, mwanangu, ulikuwa mbaya kuliko zile kelele.

"Shuka chini!" wakamwambia Fiston.

"Nashuka juu ya nini?" naye akajibu, amesimama ndani ya boti na kiburi chake. "Munanikasirikia minye juu ya muziki ya Jumapili moya? Na nyinyi? Kila siku saa kumi, bado giza, bafle ya kanisa yenu inatuamusha sisi na batoto na bagonjwa. Nani alikuyaka kutuomba ruhusa? Ziwa hii, iko ya baba yenu?"

Sasa hapo palikuwa na ukweli, na ukweli ukisemwa na mtu aliyekukosea unauma mara mbili. Badala ya kumjibu, watu waliinama. Waliinama kuokota mawe. Kijana wa ngoma ameshika jiwe, mama wa kwaya ameshika jiwe, na nilipogeuka nikamwona baba yangu, shemasi, mwenye shati jeupe la Jumapili, naye ameshika lake, tena kubwa. Rafiki zake Fiston wakachukua makasia. Juu kule wajomba wa Rurambo wakaanza kukung'uta suruali zao kama watu wanaojiandaa na safari. Niliona harusi yangu ikipanda mlima.

"HODI!"

Sote tuligeuka. Bibi yangu alikuwa ameingia majini mpaka magotini, kitenge amekikunja, amesimama kati ya mawe na boti. Na hodi hiyo hakutubishia sisi. Aliwapa mgongo wote, akalitazama ziwa, akabisha tena.

"Hodi!"

Watu wakatazamana. Mmoja alinong'ona kwamba bibi amechanganyikiwa. Bibi akageuka polepole.

"Mumesikia? Nimebisha mara mbili, hakuna hata mumoya amesema karibu. Kwa hiyo minye naweza kuingia tu? Nivunje?" Akamnyooshea kidole Fiston. "Weye mutoto. Kwenu munafungaka mulango?"

"Ndiyo, bibi."

"Nyumba iko na mulango. Hata mutu asiye na adabu, mulango inamukumbusha kubisha. Ziwa haina mulango. Ndiyo maana hodi yake unaitembeza mu kinywa yako. Kwetu Makobola, mutumbwi ukikaribia batu, banaoga, banavua, banaomba, banalia maiti yao, unainua kasia, unasema hodi. Bakisema karibu, unapita na wimbo yako. Bakisema ngoja, unangoja. Sijaonaka mutu alikufa juu ya kungoja."

Vijana wa kanisa wakaanza kutabasamu, wakaona bibi yuko upande wao. Walikuwa hawajamjua bibi yangu.

"Na weye, shemasi!" Hakumwita mwanangu, alimwita shemasi. "Ile bafle ya saa kumi, ulibisha hodi ku mulango ya nani?"

"Mama," baba akasema, sauti imeshuka, "ile ni neno ya Mungu."

"Mungu hajavunjaka mulango yangu hata siku moya. Anabishaka, anangoja. Weye ulijifunza wapi kuingia mu usingizi ya batu bila hodi? Na ile jiwe mu mukono yako, hiyo nayo ni neno ya Mungu?"

Baba alilitazama jiwe kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemwekea mkononi. Likaanguka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na siku ile kanisa letu zima lilionja ncha ya mkuki wake. Mawe yakaanguka moja moja mchangani, puf, puf, na makasia nayo yakashuka. Mtu akacheka. Nadhani alikuwa mchungaji, aliyekuwa amekaa mchangani anakamua joho lake.

Lakini mimi sikucheka, kwa kuwa mimi shida yangu ilikuwa palepale. Nikamwuliza baba mbele ya wote, "Baba, Byamungu amebatizwa ao bado?"

Hapo pakazuka mabishano mapya! Wamama wakasema amezama mpaka utosi, tena na mchungaji akiwa amemshika, kunakosekana nini? Baba akasema hapana, Ndiyo yake haikusikika na maneno hayakusemwa, kule ni kuanguka tu. Mchungaji akasema, kama kuzama kunatosha, basi yeye leo amebatizwa na fundi wa milango. Wakakubaliana kwamba arudi majini, maswali yaanze upya, na upesi, kwa sababu mchungaji alikuwa anatetemeka na bondeni walikuwa wanamngoja.

Byamungu alikuwa amekaa peke yake, magoti kifuani, anatazama milima ya kwao. Nikachuchumaa mbele yake.

"Minye, Riziki, mu ile mayi sirudi," akasema.

Nikamwambia lile wanalosema wakubwa, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilisema huku nalia, na methali ikisemwa kwa kilio haina nguvu sana.

"Nguo nilivua," akanijibu. "Lakini mayi ilinivunjia heshima."

Alikuwa na haki. Halafu akamtazama bibi yangu, akaitazama ile boti kama anavyotazama fremu ya mlango akiipima. Mwishowe akasimama.

"Bibi amesema ziwa iko na hodi," akasema, na sasa alimwelekea Fiston. "Basi yeye abishe. Minye nikimujibu, ndipo naingia."

Mwanangu, umewahi kuona mtu mwenye kiburi akiombwa jambo dogo mbele ya rafiki zake? Lingekuwa kubwa angelifanya mara moja. Fiston alitazama chini, akakuna shingo, akatazama rafiki zake, na wao wakatazama pembeni. Mimi nilikuwa naomba kwa Mungu, na Mungu anisamehe, sikuwa naomba ubatizo, nilikuwa naomba Fiston awe na aibu.

Akavua kofia. Akachukua kasia, akaisukuma boti kimyakimya mpaka kwenye maji ya shingo, akaiweka ubavu, ili mawimbi kutoka nje yagonge ubao wake yasifike walipokuwa wanabatiza. Hilo hakuna aliyemwomba. Alilifikiria mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ya kupeana siri, "Hodi."

Baba yangu akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sijasikia!"

Ufuko mzima ukapasuka kwa kicheko! Hata Fiston alicheka, na kucheka kukamfungua. Akajaza kifua hewa.

"HODIII!"

Ilikwenda ikagonga mlima, ikarudi. Sote tukamgeukia Byamungu, tukingoja karibu yake. Naye akasimama, maji yakimfika kisigino, akamtazama yule kijana wa njano na buluu, akasema:

"Ngoja."

Na Fiston akangoja. Boti inanesa, kasia mkononi, jua linamchoma kichwa kitupu, anangoja. Byamungu akaanza kuingia, bila kuharakishwa na mtu, bila kuinua mikono. Mwenda pole hajikwai. Goti. Kiuno. Kifua. Akafika kwa mchungaji, akajipangusa uso, akageuka.

"Sasa karibu!"

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa na miaka yangu michache, lakini nilijua pale pale kwamba mume nimempata. Maswali matatu yaliulizwa, na zile Ndiyo tatu, nakuapia, waliozisikia walikuwa mpaka Songo waliobaki kupika. Ya tatu haijaisha baba ameshainua mkono, tena mikono yote miwili, na machozi yanamtiririka. Maneno yakasemwa. Byamungu akazama. Akakaa chini kuliko nilivyomfundisha kwenye beseni, mpaka wajomba wakashuka hatua mbili kuelekea maji, wao waliokuwa hawayasogelei! Kisha akaibuka, mdomo wazi, anacheka.

Kwaya ilikuwa bado imeduwaa. Kutoka kwenye boti ikasikika sauti, sasa ya adabu, "Hodi ya muziki?"

"Karibu, mwanangu!" bibi akajibu. "Na uongeze kidogo!"

Wakaunga waya wa betri. Bibi akacheza palepale majini, kitenge kimelowa, na mchungaji akapiga makofi akijifanya anakamua joho.

Jumamosi tulioana, na kutoka kanisani tulipanda Kelele za Chura. Fiston alikuja mwenyewe kutuomba. Wajomba wa Rurambo walikataa kupanda, wakatufuata kwa miguu kando ya ziwa na fimbo zao, wakitupungia kana kwamba tunakwenda Ulaya. Na kila tulipokaribia watu, wavuvi wanaotengeneza nyavu, wamama wanaofua, watoto wanaooga, Fiston alipunguza moteri, akazima muziki, akabisha. Wao wakajibu karibu na vigelegele, na wengine wakaingia majini na nguo zao kutushika mikono. Mzee mmoja mvuvi akasema ngoja, samaki wake walikuwa karibu kuingia wavuni. Tukangoja, mimi na shela langu, tukimtazama akivuta. Alipomaliza alitutupia samaki wawili wakubwa, mikeke, ndani ya boti, zawadi ya harusi, wakaruka juu ya miguu yangu nami nikapiga kelele kuliko bafle! Sijawahi kula samaki watamu kama wale.

Jina la boti hakulifuta. Chini yake aliongeza neno moja kwa rangi nyeupe: HODI. Na baba yangu alizunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuuliza habari ya bafle ya saa kumi. Wengi walimwambia ngoja kukuche. Alinung'unika wiki nzima, lakini alingoja. Shuka ya mama ilibaki vipande, nikavifanya nepi za mtoto wetu wa kwanza.

Basi, mwanangu, nisikuzungushe. Sikuambii uzime muziki. Furaha yako ni haki yako, na ziwa kweli ni la wote, lakini kitu cha wote ndicho kinachotaka hodi kuliko kitu cha mtu mmoja, kwa sababu hakuna ukuta wa kukukumbusha. Jumapili ijayo ukiona watu mbele, punguza moteri ukiwa bado mbali, maana mawimbi yako yanakuja nyuma yako na wewe huyaoni. Zima, wasalimie, ngoja wakuitikie. Wakisema ngoja, usidhani wamekudharau. Mtu aliyepewa nafasi ya kusema ngoja ndiye anayeweza kusema karibu kwa moyo wake wote. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliye ufukweni, na mwingine ndiye mwenye boti, akikubishia usimjibu kwa jiwe. Hodi isiyojibiwa kesho haibishwi tena. Yule uliyemtukana Jumapili, nenda kwake leo jua halijazama. Ukifika, unajua neno la kuanzia.

Huyo mzee wetu mpaka leo akishuka ziwani kuoga anasimama kwanza maji yakimfika kisigino, anasema "Hodi." Watoto wanamcheka, wanamwuliza ni nani wa kumjibu. Hawajibu, ananigeukia mimi. Nami nikiwa na hasira naye ya asubuhi namwambia ngoja, na anangoja kweli, mtu mzima, mguu mmoja majini, mpaka hasira yangu inaona aibu. Ndipo namwambia karibu.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie juu ya maji na nchi kavu, moteri yako isizime mbali na watu, furaha yako isiwe kilio cha mwenzako. Na kila utakapobisha, katika dunia hii na ile nyingine, umkute mtu wa kukuitikia karibu.